Bei ya Nyumba na Bei ya Fedha

Katika mazungumzo haya tumekusudia kueleza jambo liwagusalo watu wengi, wa mjini na wa shamba: jinsi bei ya nyumba inavyokwenda katika mtaa, na jinsi bei ya fedha ya kukopa, yaani riba, inavyopanda na kushuka. Huenda mkulima akasema, "Mimi sinunui nyumba mjini, mambo haya yanihusu nini?" Lakini yamhusu. Mwanawe yuko mjini, na kodi ya chumba ailipayo huko ndiyo ipunguzayo fedha aletayo nyumbani. Tena shamba la kijijini lenye hati laweza kuwekwa rehani kama nyumba ya mjini iwekwavyo. Basi ni vema ajue hesabu hii kabla hajatia sahihi yake au dole gumba lake.

Ili maneno yetu yasiwe ya juu juu, tumechagua mtaa mmoja ujulikanao sana, nao ni Sinza, katika jiji la Dar es Salaam.

Kwanza tuutazame mtaa wenyewe. Katika miaka ya 1970 watu waliohamia Dar es Salaam walikuwa wengi kuliko nyumba. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mpango wa viwanja na huduma. Maana yake ni hii: Serikali haikuwajengea watu nyumba, bali ilipima viwanja, ikachora njia, ikaleta maji, kisha kila mtu akaachiwa ajenge mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Ndivyo vilivyopimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Na mahali kama Manzese, ambapo nyumba zilikuwa zimekwisha kujengwa, hazikubomolewa zote, ila zilipelekewa barabara na maji.

Viwanja vya Sinza vilikusudiwa hasa watu wa mapato madogo, na ilikuwapo Benki ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1972, ili iwakopeshe wajenzi. Lakini si wote waliopewa viwanja waliofika mwisho. Wengine walijenga msingi wakaishiwa. Wengine waliona afadhali kuuza kwa mtu mwenye fedha zaidi na kwenda kuanza upya mbali. Wakati huo huo jiji lilikuwa likikua. Mahali palipokuwa pembeni pakawa katikati. Chuo Kikuu kipo karibu, barabara kubwa zikatengenezwa, na mwaka 2006 yakafunguliwa maduka makubwa ya Mlimani City. Kiwanja kilichokusudiwa mtu wa mshahara mdogo kikawa kitu cha kutamaniwa na matajiri, na mahali penye nyumba ya chini pakasimama ghorofa.

Katika habari hii tupate fundisho la kwanza. Nyumba moja ina bei mbili ndani yake: bei ya kuta na bei ya mahali. Kuta huchakaa, bati huota kutu, rangi hubanduka, na kila mwaka mwenye nyumba hana budi kutengeneza. Lakini mahali hapachakai. Barabara ikipita karibu, maji yakifika, shule na soko vikijengwa, mahali hupanda bei hata kama mwenye nyumba hakuongeza tofali moja. Na kwa kuwa viwanja vya Sinza vilikwisha kupimwa na kugawanywa, hapana awezaye kuongeza kingine. Watakao ni wengi, viwanja ni vile vile. Ndiyo sababu ya bei kupanda, wala si uchawi wa madalali, ingawa dalali naye hupata fungu lake.

Mpangaji huuona upandaji huo katika kodi. Mtu anayetafuta vyumba viwili huombwa mara nyingi kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Hapo ndipo mume na mke huketi usiku watoto wakiisha kulala, wakaulizana: "Fedha hizi tunazompa mwenye nyumba kila mwaka, si afadhali tungelipia nyumba yetu wenyewe?" Swali hilo ni la haki. Majibu yake yapo mawili: kujenga kidogo kidogo, au kukopa.

Njia ya kwanza ndiyo ifuatwayo na walio wengi. Mtu hununua kiwanja mbali, huko Bunju, Chanika au Kibaha, mahali ambapo bei ya mahali bado ni ndogo. Mwaka huu hujenga msingi, mwaka ujao husimamisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha hungoja apate fedha ya kupaua na kuezeka bati. Wengi huhamia kabla ya madirisha kutiwa vioo, ili mradi waepukane na kodi. Njia hii haina riba, wala hapana mtu awezaye kuja na karatasi kuwatoa. Lakini ina gharama yake iliyofichika. Kuta zisizo na paa ni fedha iliyolala. Hazimwekei mtu kichwa wala hazimletei kodi, na kwa muda wote huo angali akilipa kodi mjini. Tena bei ya saruji na nondo haimngoji.

Njia ya pili ni mkopo wa rehani. Rehani ni nini? Ni kwamba benki hutoa fedha, mtu akanunua nyumba na kukaa ndani yake, lakini hati ya nyumba hushikwa kuwa dhamana mpaka deni limalizike. Akishindwa kulipa, benki, baada ya kumpa taarifa kwa maandishi kama sheria itakavyo, yaweza kuiuza nyumba ili ipate fedha zake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hatusemi kwamba kila deni ni matanga. Twasema tu kwamba mtu aihesabu harusi pamoja na matanga yake.

Basi tuhesabu. Tumfikirie mtu akopaye shilingi 50,000,000 kwa miaka 20, kwa riba ya 15 kwa mia kwa mwaka, naye alipe kiasi kile kile kila mwezi. Malipo yake yatakuwa kadiri ya shilingi 658,400 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, riba peke yake ni shilingi 625,000. Kwa hiyo katika fedha zote alizotoa, ni shilingi 33,400 tu zilizopunguza deni. Baada ya mwaka mzima atakuwa amelipa karibu shilingi 7,900,000, na deni lake litakuwa limepungua kwa shilingi 430,000 hivi. Baada ya miaka 10 atakuwa amelipa shilingi 79,000,000, na bado atadaiwa karibu shilingi 40,800,000. Atakapomaliza, jumla ya alizolipa itakuwa shilingi 158,000,000. Kwa hesabu hii mtu huyu amelipa nyumba tatu akapata moja.

Msomaji asidhani kwamba hapa pana udanganyifu. Riba huhesabiwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote. Kwa sababu hiyo malipo ya miaka ya kwanza huliwa na riba, na malipo ya miaka ya mwisho ndiyo huondoa deni kwa haraka. Ni kama mtu achotaye maji katika mtumbwi uvujao: kama maji yaingiayo ni karibu sawa na yale ayatoayo, atachoka kabla hajaona sakafu ya mtumbwi.

Sasa tubadili riba tuone. Ikiwa ni 18 kwa mia, malipo ya mwezi yatakuwa kadiri ya shilingi 771,700. Ikiwa ni 12 kwa mia, yatakuwa shilingi 550,500. Tofauti ya tatu kwa mia huonekana ndogo katika karatasi, lakini kila mwezi ni zaidi ya shilingi laki moja, yaani chakula cha watoto au ada ya shule. Tena tukisema kwamba mtu asitoe zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba, yule wa riba ya 15 atahitaji mshahara wa karibu shilingi milioni mbili kwa mwezi. Ndipo tunapoona kwa nini katika Tanzania mikopo ya nyumba huhesabiwa kwa maelfu machache, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Wengi hawakatai mkopo kwa ukaidi. Mlango wenyewe ni mwembamba.

Huenda mtu akauliza, kwa nini fedha ya nyumba ni ghali hivi? Sababu ni nyingi. Sisi tutataja tatu zilizo kubwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba fedha benki inayokopesha si yake. Ni akiba ya watu, na wenye akiba waweza kuja kesho kuitaka. Mwenye nyumba lakini ataka fedha za miaka 20. Kukopesha kwa miaka 20 fedha ambazo mwenyewe aweza kuzidai kesho ni jambo la hatari, na hatari hiyo hutiwa bei. Ili kupunguza shida hiyo, mwaka 2010 iliundwa kampuni iitwayo TMRC, ambayo kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba.

Sababu ya pili ni Serikali yenyewe. Nayo hukopa, na mdeni anayeaminika kuliko wote nchini ni Serikali. Mwezi wa Aprili 2021 Serikali ya Tanzania ilitoa kwa mara ya kwanza hati za deni za miaka 25, kwa riba ya 15.95 kwa mia. Jiweke mahali pa mwenye benki: kama Serikali yakulipa karibu 16 bila wewe kumfuata mtu nyumbani kwake, utamkopesha mwalimu au mshona nguo kwa 10 kwa sababu gani? Kwa hiyo riba ya hati za Serikali ni kama sakafu. Riba ya nyumba ni vigumu kushuka chini yake.

Sababu ya tatu ni hofu ya kutolipwa. Ile Benki ya Nyumba tuliyoitaja ilielemewa na madeni yasiyolipwa, na mwaka 1995 ikafungwa. Baada ya hapo kwa miaka mingi hapakuwa na benki ya namna hiyo. Mwaka 2008 ikatungwa sheria mpya ya mikopo ya nyumba, iliyoweka wazi zaidi haki za mkopeshaji na za mkopaji. Na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kumwezesha mtu kumiliki sehemu moja katika jengo la watu wengi. Hofu ikapungua kidogo, na riba nayo ikapungua: mwaka 2010 ilikuwa kadiri ya 22 kwa mia, na kufika mwaka 2022 ilikuwa kwa kawaida baina ya 15 na 19. Lakini hati bado ni kizuizi. Mahali pasipopimwa, ambapo mauziano huandikwa mbele ya mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa tu, benki husitasita. Mwenye kiwanja cha Sinza chenye hati yuko mbele ya jirani yake asiye nayo, hata kama nyumba zao zafanana.

Tumefika katika swali ambalo wengi hulipenda: je, riba itashuka? Hatuwezi kupiga ramli. Lakini ziko dalili ambazo mtu aweza kuzitazama mwenyewe, kama mkulima atazamavyo mawingu.

Dalili ya kwanza ni kupanda kwa bei za vitu. Mkopeshaji hutaka alipwe fedha zenye nguvu ile ile, na juu yake faida. Katika miaka ya 1980 bei katika Tanzania zilipanda kwa karibu 30 kwa mia kila mwaka, na aliyeweka akiba alijikuta anarudishiwa karatasi zisizonunua kitu. Katika miaka ya 2023 na 2024 bei zilipanda kwa 3 hadi 4 kwa mia tu. Utulivu huo ukidumu, riba hupata nafasi ya kushuka.

Dalili ya pili ni neno la Benki Kuu. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kiwango cha riba kinachoziongoza benki. Kilianza kwa 5.5 kwa mia, kikapandishwa hadi 6 mwezi wa Aprili 2024, kisha kikashushwa hadi 5.75 mwezi wa Julai 2025. Lakini mtu asikimbilie kusema, "Benki Kuu imesema sita, mbona mimi naombwa kumi na tano?" Kiwango hicho ni cha benki kukopeshana kwa siku chache. Baina yake na mkopo wa nyumba pamesimama ile miaka 20, ile sakafu ya hati za Serikali, na ile hofu. Kiwango cha Benki Kuu kikisogea robo moja kwa mia, riba ya nyumba yaweza isisogee hata kidogo, au isogee baada ya muda mrefu.

Dalili ya tatu ndiyo hizo hati za Serikali. Riba yake ikishuka mnada baada ya mnada, benki huanza kutafuta wakopaji wengine, na hapo mwenye kutaka nyumba hupata sikio. Ikipanda, mlango hufungwa tena. Atakaye kujua habari za mbele za mikopo ya nyumba aanzie hapo.

Tuseme basi kwamba riba imeshuka. Je, wenye kungoja wamepona? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikiri. Yule aliyekuwa aweza kulipa shilingi 658,400 kwa mwezi, kwa riba ya 15 alikopeshwa milioni 50. Riba ikiwa 12, malipo yale yale hubeba karibu milioni 59 na laki 8. Mnunuzi anayo nguvu zaidi. Lakini jirani yake anayo pia, na muuzaji anajua. Mahali ambapo viwanja haviongezeki, nguvu hiyo mpya yaweza kuingia yote katika bei. Nyumba ya milioni 50 ikawa ya 58 au 60, na mnunuzi akalipa kila mwezi kiasi kile kile. Aliyengoja riba akakuta bei imemtangulia.

Kwa Sinza ya leo jambo hilo haliji kwa kishindo, kwa sababu wanunuzi walio wengi hulipa kwa fedha taslimu au hujenga kwa akiba, wala hawategemei rehani. Lakini kadiri mikopo itakavyoenea, ndivyo bei ya nyumba na bei ya fedha zitakavyofungana, kama vitanga viwili vya mizani: kimoja kikishuka, kingine huelekea kupanda. Dawa ya kweli ya bei ya mahali si riba ndogo peke yake, bali ni viwanja vingi zaidi vilivyopimwa, vyenye njia, maji na hati. Ndilo jambo lililofanywa mwaka 1974, na ndilo litakiwalo hata leo.

Turudi kwa wale mume na mke waliokaa usiku wakahesabu. Tutawashauri nini? Riba ya nchi haimo mikononi mwao. Lakini idadi ya miaka ya deni imo. Mkopo ule ule wa milioni 50, kwa riba ile ile ya 15, wakiulipa kwa miaka 10 badala ya 20, watatoa shilingi 806,700 kwa mwezi. Ni nyongeza ya shilingi 148,300. Lakini jumla yote itakuwa kadiri ya milioni 96 na laki 8, si 158. Wameokoa zaidi ya shilingi milioni 61, na hapana Benki Kuu duniani iwezayo kuwapa zawadi kama hiyo kwa kushusha riba tatu kwa mia. Kama hawana nguvu za nyongeza hiyo, basi wapunguze ukubwa wa nyumba kabla hawajaongeza urefu wa deni.

Na kabla ya kutia sahihi waulize maneno haya, wayapate kwa maandishi. Riba hii yahesabiwa juu ya deni lililobaki, au juu ya fedha yote ya kwanza hata baada ya kulipa nusu? Yaweza kubadilishwa katikati ya safari, na kwa sababu gani? Nikipata fedha nikitaka kulipa mapema, nitatozwa faini? Gharama za bima, za mthamini na za kuandikisha rehani ni kiasi gani? Nikikosa miezi miwili kwa ugonjwa, itakuwaje? Tena mume ajue kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Sheria hiyo haikuwekwa bure. Nyumba ikiuzwa, watokao nje na virago ni wote wawili, pamoja na watoto.

Mwenye shamba kijijini naye afanye vivyo hivyo. Hati ya kimila ni mali. Aishike kama ashikavyo jembe lake, na asiipeleke dhamana kwa deni ambalo hajajua mwisho wake. Akiwa na mtoto ajuaye hesabu shuleni, amwite, amwekee taa na karatasi, wahesabu pamoja mwezi kwa mwezi mpaka deni lifike sifuri. Ikiwa hesabu hiyo yawashinda kuimaliza, wairudishe benki waombe waelezwe tena. Kuuliza mara tatu hakugharimu kitu. Kutouliza kwaweza kugharimu nyumba.